Kodi tunagawana watatu, paa linavuja peke yake

Shikamoo Mzee Mkadiriaji,

Mimi ni mtumishi wa umma na mama wa watoto watatu. Nilihamia Dodoma mwaka 2017 wizara yetu ilipotoka Dar es Salaam. Mwaka 2019 nikahamia kwenye nyumba yangu, Ilazo, ikiwa bado haina rangi nje. Ni ya vyumba vitatu, bati la rangi, dari ya jipsamu, simtanki la lita 2,000 juu ya mnara, na pampu ya kupandisha maji. Leo wenye macho wanasema inafika milioni 65.

Nyumba ya pili si yangu peke yangu. Ni ya marehemu baba, iko Tanga mjini, Ngamiani, aliijenga miaka ya themanini. Tumerithi watatu: kaka yangu mkubwa anayeishi hapo hapo Tanga na ndiye anayekusanya kodi, mimi, na mdogo wetu wa kiume aliye Muscat. Ina wapangaji wawili, wanalipa jumla ya 180,000 kwa mwezi. Tunagawana, kila mtu 60,000. Dalali anasema tukiiuza haipungui milioni 70 kwa sababu ya kiwanja.

Masika haya yamenitia adabu. Tanga paa limevuja hadi mpangaji akapanga mabeseni sebuleni kama duka la vyombo, kisha kipande cha silingi bodi kikamwangukia kitandani, bahati hakuwepo. Fundi amepanda akashuka na jibu moja: bati lote liondoke na mbao kadhaa zibadilishwe, milioni 5 na laki 6. Kaka anasema tuzibe kwa lami kama mwaka jana na mwaka juzi. Mdogo wangu anasema tuuze tupumzike.

Wakati huo huo huku Dodoma nimeegemea fremu ya mlango wa chumba cha watoto, kidole kikazama. Mchwa. Wamekula fremu mbili na mgongo wa kabati la ukutani, nje rangi imebaki inang'aa. Nimekopa laki 6 kwenye kikoba chetu, riba asilimia 10, nikanunua fremu na dawa. Wiki iliyofuata pampu ikagoma: inanguruma, haizunguki. Nimeambiwa mpya ni 350,000. Sina. Tunachota kwa ndoo kwa jirani.

Mume wangu alishaniambia nyumba ikishaezekwa gharama zimekwisha, nami nilimwamini. Rafiki yangu aliyeko Minneapolis, Marekani, anasema kule watu huweka kando kila mwaka asilimia moja ya thamani ya nyumba. Nimepiga hesabu: 650,000 ya Dodoma, 700,000 ya Tanga. Je, hiyo ndiyo hesabu sahihi? Na nimwambieje kaka yangu, ambaye hana kazi ya kudumu, kwamba hizi fedha tunazogawana tunaiibia nyumba?

Mwenye Nyumba Mbili na Mfuko Mmoja, Dodoma

*

Marahaba mwanangu, na pole. Methali ya ufa na ukuta sote tunaijua tangu shule ya msingi. Tatizo lake haikutaja bei ya ukuta, wala haikusema kama ukuta wenyewe uko Tanga au Dodoma.

Nianze na asilimia moja ya rafiki yako. Si uongo, watu kule huitumia kweli. Ila ni hesabu ya mtu asiyetaka kupanda juu ya paa kutazama. Wewe mwenyewe umeandika kwamba nyumba ya Ngamiani inafika milioni 70 "kwa sababu ya kiwanja". Bati halijui bei ya kiwanja. Kesho lami ikipitishwa mbele ya mlango, thamani itaruka hadi milioni 90 na paa litabaki na matundu yale yale. Na hata huko Marekani hesabu hiyo haifanani kila mahali. Nyumba ya Minnesota, jimbo la rafiki yako, fedha zake humalizwa na mtambo wa kupasha joto, mabomba yanayoganda na theluji iliyokaa juu ya paa. Ya Florida humalizwa na viyoyozi na paa linalopigana na vimbunga. Mwulize rafiki yako kama ndugu zake wa kusini huko wanatenga sawa na yeye.

Nyumba hulipiwa kulingana na kinachoila. Ya Tanga inaliwa na chumvi, ya Dodoma inaliwa na mchwa, jua na maji magumu. Kwa hiyo chukua daftari, la karatasi, utenge kurasa mbili kwa kila nyumba. Andika vitu vikubwa tu, vile ambavyo siku vikifa utalazimika kukopa: paa, umeme, pampu, tangi, karo la choo, rangi ya nje, milango. Mbele ya kila kitu andika kiliwekwa lini, leo kinauzwa bei gani pamoja na ufundi, na kimebakiza miaka mingapi. Gawanya bei kwa miaka. Hiyo ndiyo asilimia yako.

Sasa twende Tanga, maana huko ndiko moto unakowaka.

Niliwahi kufanya kazi Tanga miaka minne. Pikipiki yangu iliota kutu hadi kwenye spoki, na ilikuwa inalala ndani. Bati la kawaida ni chuma kilichopakwa zinki. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi hunyonya unyevu wa hewa hata siku isiyo na mvua, na zinki huanza kuliwa taratibu. Likishaisha koti hilo, chuma kilichobaki ni suala la misimu michache. Sehemu zinazowahi kuoza si zile zinazopigwa na mvua, kwa sababu mvua ndiyo inayosuuza chumvi. Zinazowahi ni pembeni chini ya mapaa, mahali bati linapolaliana na bati jingine, na kila tundu la msumari. Mwambie fundi akuonyeshe hizo sehemu tatu kabla hujakubali neno lake la "lote liondoke". Inawezekana anasema kweli, lakini ukague.

Lami ya kaka yako ni ya kumsitiri mpangaji wiki mbili. Inapasuka kwa jua, halafu maji yanaingia chini yake na kukaa, yaani mmelijengea kutu chumba. Kila mwaka mmenunua lami, mmelipa fundi wa kupanda, na kila alipopanda amekanyaga bati lililochoka akaacha matundu mapya. Kama mna risiti, jumlisheni.

Mkiezeka, msihangaike na bati jembamba. Dukani namba ya geji inachanganya watu: geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Namba ikikua, bati linapungua. Mtu wa pwani anayenunua geji 32 ili aokoe laki chache anasahau kwamba mbao, misumari na ufundi ni gharama ile ile, na atazilipa tena mapema. Chukueni 28 yenye koti la aluminiamu na zinki pamoja, iliyopakwa rangi kiwandani, na skrubu zenye washa za mpira. Mambo mawili mafundi wengi hawayazingatii. Bati la aina hiyo halitaki kugusana na saruji mbichi, humeguka koti, kwa hiyo mahali linapoingia ukutani zege likauke kwanza. Na bati mkilinunua kabla ya siku ya kazi, msiliache nje limepangwa moja juu ya jingine likanyeshewa. Maji yakinaswa katikati huota unga mweupe, na umri wake umeshapungua kabla halijaonja paa.

Wakati paa liko wazi, usitazame paa tu. Nyumba ya miaka ya themanini ina waya za miaka ya themanini, zilizowekwa kwa ajili ya taa nne na redio. Leo wapangaji wako wana friji, pasi, feni na pengine jiko la umeme, na sina uhakika kama hata waya wa ardhi upo. Maji yanayovuja darini yanapita juu ya hizo waya. Kwa hiyo fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aingie kabla ya fundi bati, apime. Si yule kijana wa mtaani anayefunga kila kitu, fundi maiko. Akisema chumba fulani ni hatari, kizimwe siku hiyo hiyo, hata mpangaji akinuna. Hatari ya umeme haisubiri hesabu ya kugawanya kwa miaka.

Kisha shuka ukutani. Nina hakika lipu ya chini, kama nusu mita kutoka sakafuni, imevimba na kutoa unga mweupe. Kama sivyo, wewe ni mtu wa bahati. Ni unyevu unaopanda na chumvi, na kwa nyumba za pwani za zamani mara nyingi chumvi ilikuwamo tangu siku ya kwanza, kwenye mchanga uliochotwa ufukweni. Watu huificha kwa rangi ya mafuta au kwa kubandika vigae. Usifanye hivyo. Ukuta unataka kupumua, ukiuziba pua unyevu unapanda juu zaidi na kutokea mahali ambapo hapakuwa na tatizo. Kwangueni lipu iliyokufa, ukuta ukauke kiangazi chote, kisha ipigwe lipu yenye chokaa. Wazee wa pwani hawakujengea chokaa kwa sababu ya umaskini.

Na kwenye linta, yaani boriti za zege juu ya milango na madirisha, na kwenye nguzo za baraza, gonga kwa nyundo ndogo. Mlio ukiwa kama wa debe tupu, nondo za ndani zimeota kutu. Kutu inachukua nafasi mara mbili na zaidi ya chuma kilichokuwepo, hivyo inalipasua zege kutoka ndani. Likishughulikiwa mapema ni kazi ya siku mbili tatu. Likiachwa, mtamwita mhandisi.

Sasa hesabu ya Tanga, nikichukua bei ya fundi wako na makisio yangu, nawe utarekebisha kwa bei za huko. Paa milioni 5.6, kwa upepo ule nalipa miaka 14, basi ni 400,000 kwa mwaka. Umeme mpya wa nyumba nzima, tuseme milioni 1.8 kwa miaka 20, ni 90,000. Lipu ya chini na rangi, milioni 1.5 kila baada ya miaka mitano, ni 300,000. Grili na milango inayoliwa na kutu, 100,000. Karo na mabomba, 110,000. Linta na nguzo, 80,000. Jumla milioni 1 na elfu 80, yaani 90,000 kila mwezi.

Kodi ni 180,000. Umeona? Nusu ya kodi ya Ngamiani haikuwa yenu hata mwezi mmoja. Kilichokuwa chenu ni 90,000, kwa watu watatu, 30,000 kila mmoja. Ile 30,000 nyingine mliyokuwa mkipokea ilikuwa ni bati la baba yenu mkiliuza kipande kipande.

Lakini usiende kumwambia kaka yako "tunaiibia nyumba". Wewe una mshahara. Mdogo wako yuko Muscat. Kwa kaka yako, 60,000 hiyo ni unga, mafuta na mboga, na ndiye anayeamka usiku mpangaji akipiga simu kwamba maji yanaingia. Ukimwendea na neno la wizi atasikia kwamba watoto wa mjini wamekuja kumnyang'anya sahani. Mwendee hivi: "Kaka, wewe ndiye msimamizi. Kuanzia Julai wewe utabaki na 30,000 yako kila mwezi. Mimi na mdogo wetu hatuchukui kitu mpaka paa liishe. Daftari utalishika wewe." Kila mwezi 150,000 inaingia kwenye akaunti ya nyumba, isiyotoka bila ninyi watatu kujua. Nina imani naye zaidi ya wewe ulivyo naye; mtu akipewa daftari hubadilika.

Na msiezeke lote kwa mara moja. Nyumba nyingi za Ngamiani zina paa la migongo miwili, na mgongo unaotazama bahari na upepo wa kusi ndio unaooza kwanza. Kama fundi akikagua akakubali, anzeni na upande huo, kama milioni 2.8. Julai hadi Septemba kodi itatoa 450,000. Inabaki milioni 2 na laki 3 na elfu 50, wewe na mdogo wako mgawane, milioni 1 na elfu 175 kila mmoja, na iandikwe kwenye daftari kwamba ni deni la nyumba kwenu, italipa ikipata nguvu. Fundi amalize Septemba, kabla vuli haijaanza. Upande wa pili unasubiri, hapo lami ya kaka inaruhusiwa. Kuanzia Oktoba, 150,000 kwa miezi 17 ni milioni 2 na laki 5 na nusu. Mkiongeza laki 2 na nusu mnamaliza kabla ya masika ya pili kutoka sasa. Kaka akikwama mwezi mmoja au miwili, hamkuharibikiwa, mna kiangazi cha Julai.

Kuhusu kuuza, mdogo wako ana haki ya kusema. Ila nyumba inayovuja mnunuzi huilipia kiwanja tu, na paa atalikata mara mbili ya gharama yake kwenye bei. Ezekeni kwanza, mkitaka kuuza muuze ikiwa kavu.

Dodoma sasa. Hapo usiogope paa. Tanga hupata mvua zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, Dodoma kwa kawaida haifiki 600, na karibu zote zinakuja msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili. Chumvi ya bahari haipo. Bati lako lina maisha marefu mbele yake, kazi yako ni kupandisha mtu kila Novemba akaze skrubu, kwa sababu upepo wa mvua za kwanza ndio unaonyanyua paa. Jua la huko hulipiga zaidi plastiki. Bomba lililoachwa wazi linakauka na kupasuka kama mkate wa juzi, lifunikwe au lipakwe rangi.

Mchwa ndio wenye mji. Dawa uliyomwagia msingi wakati wa kujenga haidumu milele, na nyumba yako ina miaka ya kutosha kwa nguvu yake kupungua. Kununua fremu mpya bila kutibu ardhi ni kuwaandalia chakula kipya, natumaini ile laki 6 sehemu kubwa ilikwenda kwenye dawa. Wanachimbiwa mfereji mdogo kuzunguka msingi na dawa inamwagwa humo, sio kupuliziwa mlangoni. Fremu mpya zipakwe dawa pande zote, hasa upande unaokumbatia ukuta, ambao hakuna anayeuona. Kila baada ya miezi mitatu zunguka nyumba na tochi, tafuta vile vijia vya udongo vinavyopanda kutoka chini. Ondoa mbao za ujenzi zilizobaki uani na kuni zilizoegemezwa ukutani. Na bomba linalovuja chini ya sinki ni kisima chao, lizibwe.

Kuna kinamama wa Dodoma wanaopenda maua kandokando ya ukuta. Sehemu nyingi za mji zina udongo unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Ukimwagilia upande mmoja wa nyumba kiangazi kizima, upande huo unainuka, mwingine unabaki chini, na ufa wa ngazi unajichora ukutani. Maua yasogee mita moja na nusu, hiyo haina gharama.

Maji ya huko umeyaona kwenye birika, ule ukoko mweupe. Unaouona kwenye birika unajikusanya pia ndani ya hita ya kuogea, kwenye koki na kwenye boya la tangi. Boya likishikwa na ukoko halifungi, tangi linamwagika usiku kucha, au halifunguki na pampu inasukuma maji yasiyo na pa kupita mpaka inaungua. Kila miezi sita fungua boya ulitie kwenye siki.

Hesabu yake kwa mwaka: pampu 350,000 kwa miaka mitano, 70,000. Rangi ya nje milioni 1.2 kwa miaka sita, 200,000. Dawa ya mchwa laki 4 kwa miaka minne, 100,000. Tangi, 40,000. Hita, koki na boya, 80,000. Karo, 50,000. Paa la milioni 6 kwa miaka 25, 240,000. Milango, dari na umeme, 120,000. Jumla laki 9, yaani 75,000 kwa mwezi. Imezidi ile 650,000 ya asilimia moja, na nyumba bado changa.

Ukisema 75,000 huna, anza na 40,000, lakini ianze mwezi huu. Serikali yenyewe imeshakufundisha namna: kodi ya majengo ya nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, lakini hakuna anayekuja mlangoni kuidai yote. Inakatwa 1,500 kila mwezi unaponunua umeme wa LUKU, na sidhani umewahi kukosa usingizi kwa ajili yake. Paa nalo liwekewe LUKU yake. Mshahara ukiingia, fedha ya nyumba itoke siku hiyo hiyo kwenda akaunti nyingine, isikae kwenye simu unayonunulia mboga. Mume wako mwoneshe ukurasa wa hesabu, usibishane naye.

Bei zenyewe zirudie kila Januari, na uulize bei za mahali nyumba ilipo. Tanga saruji inatengenezwa pale pale Pongwe. Kwa mtu wa Kigoma mfuko ule ule umeshapanda nauli. Mbao za Dodoma nyingi zinatoka Mufindi na Njombe, barabara ya Mtera ikiharibika utaiona kwenye bei ya fremu. Msomaji wa Bukoba, ambako mvua inakaribia milimita 2,000, asinakili kurasa zako. Yeye ukurasa wake wa kwanza uwe gata, mitaro na kinga ya radi.

Ile 40,000 ya kila mwezi imalize kwanza deni la kikoba, ndipo igeuke akiba, riba ya asilimia 10 inakula haraka kuliko mchwa. Na hiyo pampu usiitupe. Pampu inayonguruma bila kuzunguka mara nyingi imekufa kapasita, kile kikopo kidogo cha plastiki kwenye kisanduku cha waya. Ni kifaa cha bei ndogo sana kuliko pampu. Zima umeme, mwite fundi abadilishe hicho kwanza. Ikigoma baada ya hapo azungushe feni ya nyuma kwa mkono, pengine ni ukoko tu umeishika. Ikikataa yote mawili, hapo ndipo unitumie ujumbe tuongee habari ya 350,000.